Lubumbashi hadi Lusaka peke yako kwenye usukani: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza

Kila kiangazi kinapokaribia, maswali yanayonifikia ni yale yale. Naweza kufika Lusaka kwa siku moja? Gari la usukani wa kushoto linakubaliwa Zambia? Mtu akiwa peke yake, njia ni salama? Majibu mafupi: unaweza, ila mara ya kwanza usithubutu, linakubaliwa, na usalama unategemea saa unayokuwa barabarani kuliko kitu kingine chochote. Majibu marefu ndiyo haya yanayofuata.

Njia yenyewe haina milima. Lubumbashi na Lusaka zote ziko kwenye uwanda wa juu, kati ya mita 1,200 na 1,300 juu ya usawa wa bahari, na katikati yake hakuna mteremko wa kukutisha. Ni kama kilomita 560 hivi: 90 hadi Kasumbalesa, mpakani, 150 na kidogo hadi Ndola, halafu 320 hadi Lusaka. Watu wakisikia tambarare wanatulia. Wewe usitulie. Kwenye njia hii hatari inatokana na unyoofu wake: unapita lori bila kuona mbele, unasinzia bila kujua, giza linakukuta ukidhani umebakiza kidogo. Karibu kila ninachokuambia hapa chini kinarudi kwenye mambo hayo matatu.

Vya kuwa navyo kabla ya kuwasha gari

Karatasi kwanza, maana bila hizo safari inaishia Kasumbalesa:

- Pasipoti ambayo muda wake haujakaribia kwisha, na visa kama pasipoti yako inaidai. Ulizia mapema kwenye konseli ya Zambia hapa hapa Lubumbashi, si mpakani.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano.
- Permi ya kuendesha na karte roz (kadi ya usajili) ya gari. Permi yetu imeandikwa Kifaransa, na polisi wa Zambia wanafanya kazi kwa Kiingereza. Permi ya kimataifa inakupunguzia maelezo mengi.
- Kama gari haliko kwa jina lako, barua ya ruhusa ya mwenye gari iliyothibitishwa na notea. Hata kama mwenye gari ni baba yako mzazi. Hata kama ni mke wako.
- Bima ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inayovuka mpaka. Nayo inaitwa kadi ya njano, sawa na cheti cha chanjo, na kuna watu wanaofika mpakani na moja wakidhani wamemaliza. Ni mbili, zote uwe nazo.
- Nakala za kila karatasi, seti mbili, zisikae mfuko mmoja na karatasi zenyewe.

Vya garini: tairi la akiba lenye upepo, jeki, spana ya magurudumu, pembetatu mbili za onyo, kizima moto, maji lita kumi (matano ya kwako, matano ya gari), tochi na betri ya kuchajia simu. Zambia wanataka pia vibandiko vinavyong'aa, vyeupe mbele na vyekundu nyuma. Ni vya bei ndogo, na kuvikosa ni sababu ya kusimamishwa.

Pesa: dola za noti safi zisizochanika wala kuandikwa, faranga za peaje (ushuru wa barabara) za upande wetu, na kwacha za kuanzia. Zigawe sehemu tatu. Aliye peke yake hana mwenzake wa kumkopa.

Hatua kwa hatua

1. Siku tatu kabla, jaribu kufungua gurudumu mwenyewe.
Usiangalie tu kwamba spana ipo. Legeza nati moja ya kila gurudumu kwa mikono yako, ukiwa nyumbani. Magaraji mengi yanakaza nati kwa mashine, na nati iliyokazwa hivyo haitoki kwa spana ndogo iliyokuja na gari. Ikikushinda uani, itakushinda kando ya njia huku malori yanapita. Mwambie fundi azikaze upya kwa mkono, au nunua spana yenye mpini mrefu. Kisha pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, pamoja na la akiba. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila mzunguko, linapata joto, na baada ya saa mbili za mwendo mmoja linaweza kupasuka.

2. Mpe mtu mmoja orodha ya vituo.
Mtu mmoja, si kundi zima la familia, kwa sababu kwenye kundi kila mtu atadhani mwingine anafuatilia. Mwandikie: Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Kabwe, Lusaka. Kila unapofika unatuma neno moja. Mkubaliane kabisa: baada ya ukimya wa saa ngapi ataanza kupiga simu, na atampigia nani. Na wewe usitume ujumbe huku unaendesha, simama.

3. Ondoka alfajiri, lala Ndola.
Huu ni ushauri ambao wengi wanaupinga halafu wanajuta. Kuna madereva wanaotoka Lubumbashi asubuhi na kulala Lusaka, wameizoea njia. Lakini mpaka wa Kasumbalesa hauna saa: unaweza kukumaliza kwa saa moja, unaweza kula nusu ya siku yako. Ukishapoteza saa nne pale, kisha ukajilazimisha kufika Lusaka, kipande kirefu na kibaya kuliko vyote utakikuta gizani. Panga siku mbili. Siku ya kwanza ni ya mpaka na miji ya shaba. Siku ya pili ni ya njia ndefu.

Toka mjini saa 11 alfajiri, uwe mpakani panapokucha. Angalia baiskeli: mapema hivyo wauza makala (makaa) wanaingia mjini na magunia yamepangwa juu kuliko vichwa vyao, hawana taa. Peaje lipa, chukua risiti, usiitupe.

4. Mpakani, fuata mpangilio huu.
Malori yana foleni yao, tena ndefu sana. Magari madogo yanapita pembeni. Usijipange nyuma ya lori ukadhani ndiyo foleni yako.

Upande wa Kongo, uhamiaji (DGM) ndio wanaogonga pasipoti na forodha (DGDA) ndio wa gari. Upande wa Zambia, uhamiaji kwanza, kisha forodha wakupe kibali cha muda cha kuingiza gari, kisha malipo ya barabara na kodi ya moshi ya magari ya kigeni, na bima yako ikaguliwe. Soma kibali cha gari kabla ya kuondoka dirishani: namba ya gari, namba ya chasi, tarehe ya mwisho. Herufi moja ikikosewa, irekebishwe hapo hapo.

Onyo: vijana watakuzunguka wakisema watakusaidia na karatasi. Wapo mawakala wa kweli, lakini pasipoti na karte roz zisitoke mkononi mwako hata kwa dakika. Kila malipo yafanyike dirishani, kwa risiti. Na ukiingia ofisini, funga gari, vioo juu, hakuna kitu kwenye kiti. Hapo ndipo mtu wa peke yake anapoibiwa, kwa sababu hana wa kubaki na gari.

5. Badilisha upande, na uubadilishe kichwani pia.
Kongo tunaendesha kulia, Zambia kushoto. Mpakani kwenyewe hukosei, kwa sababu umejaa magari ya kufuata. Kosa linakuja baadaye: umesimama kituo cha mafuta Chingola, umekunywa maji, unatoka, barabara ni tupu, na mikono inakupeleka upande wa kulia kama ilivyozoea. Linakuja pia asubuhi ya siku ya pili, unapotoka mahali ulipolala.

Kanuni ya kushika: Zambia, mstari wa katikati ya barabara uko mkono wako wa kulia, siku zote. Andika KUSHOTO kwenye karatasi, ibandike karibu na kipima mwendo, na kila unapowasha gari uisome kwa sauti. Uko peke yako, hakuna wa kukuona. Kwenye rompwe (mzunguko wa njia panda), zunguka kufuata mwelekeo wa mishale ya saa na uwapishe wanaotoka kulia kwako. Kitwe, Ndola na Lusaka zina rompwe nyingi.

Sasa suala la usukani. Kama gari lako ni la usukani wa kulia, kama yale mengi yanayotufikia kutoka Japani kupitia Dar es Salaam, ugumu wako ni zile kilomita 90 za mwanzo. Ukivuka unakaa sawasawa. Kama usukani uko kushoto, ni kinyume: ukivuka, wewe unakaa upande wa majani, na katikati ya barabara iko mbali nawe. Mambo mawili yanafuata. Vibanda vya ushuru vya Zambia viko upande wa kulia wa gari, kwa hiyo simama karibu, teremsha kioo cha kulia, na uwe na kwacha mkononi tayari kujinyoosha au kushuka. La pili ni taa: taa za gari la usukani wa kushoto zimetengenezwa kumulika zaidi upande wa kulia, yaani, ukiwa Zambia, usoni mwa anayekuja. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutoendesha usiku.

6. Chingola, Kitwe, Ndola.
Kipande chepesi. Kutoka Chingola hadi Kitwe na Kitwe hadi Ndola barabara ina njia mbili kila upande, vituo vya mafuta vipo vya kutosha, na Kibemba cha kwetu kinaeleweka kila mahali. Polisi akikusimamisha, zima redio, teremsha kioo, sema "Mwapoleni mukwai" kabla ya jambo lolote. Heshima hiyo inabadilisha mazungumzo. Mwendo fuata vibao, hasa mijini. Wana mashine za kupima.

Nunua laini ya simu ya Zambia Chingola au Kitwe kwa pasipoti yako, kwa sababu ya Kongo itakata muda mfupi baada ya mpaka. Pakua ramani nzima ya njia kabla hujatoka nyumbani.

Ukifika na mapema, karibu na Ndola, upande wa magharibi, kuna mahali ilipoanguka ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, alipokuwa anakuja kukutana na Moise Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, kuhusu vita vya Katanga. Mimi nadhani kila mtu wa Lubumbashi anayepita Ndola anapaswa kusimama pale mara moja. Ni historia yetu, imezikwa upande wa pili wa mpaka.

Usiku huo jaza tangi, pima tena upepo asubuhi, lala kwa muda wa saa nane kamili.

7. Ndola hadi Kapiri Mposhi: jifunze kupita lori.
Hapa soma polepole. Barabara ya Ndola–Lusaka imekuwa ikipanuliwa, kwa hiyo utakutana na vipande vipya, vipande vya vumbi la ujenzi, na vipande vya zamani vyenye njia moja kwenda na moja kurudi. Kwenye hivyo vya zamani ndiko watu wanakufa.

Piga hesabu nami. Lori lenye tela lina urefu wa hadi mita 22. Linakwenda 80 kwa saa, wewe unakwenda 100. Ukianza mita 30 nyuma yake na kurudi mita 30 mbele yake, utatumia karibu sekunde 16. Kwa muda huo umetembea zaidi ya mita 430, na anayekuja mbele naye kwa 100 ametembea kiasi hicho hicho. Unahitaji basi karibu mita 900 za barabara tupu unayoiona kwa macho. Na mchana wa jua kali lami inatoa mazigazi, yale maji ya uongo yanayotetema mbele, ambayo yanaweza kulimeza gari dogo la rangi ya kijivu hadi liwe karibu sana.

Kwa mwenye usukani wa kushoto, fanya hivi:

- Kaa nyuma sana. Ukilibana lori unaona turubai lake tu. Ukirudi nyuma, jicho lako linafunguka pande zote mbili.
- Subiri barabara ipinde kidogo kushoto. Kwa kuwa unakaa kushoto, kwenye pindo hilo unaona mbele ya lori kupitia ubavu wake wa ndani. Pindo la kulia halikusaidii kitu.
- Usichungulie kwa kutoa gari lote katikati. Ukiwa upande ule, mpaka jicho lako lifike kwenye mstari, pua ya gari iko tayari upande wa wengine.
- Dereva wa lori akiwasha taa ya kushoto kukuambia pita, mshukuru lakini usimtii. Huenda anakunja. Hata kama anakuita kweli, yeye anapima kwa macho yake, si kwa nguvu ya injini yako.
- Pita moja moja. Malori mawili yaliyofuatana bila nafasi kati yake, yaache mpaka yaachane.
- Usimfuate anayepita. Nafasi aliyoiona ilikuwa ya kwake.

Na kama huoni nafasi kwa nusu saa, endelea nyuma ya lori kwa nusu saa. Utafika.

8. Kapiri Mposhi hadi Kabwe, Kabwe hadi Lusaka: pambana na usingizi.
Kapiri ndipo reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam inapoishia, na barabara ya Dar inaungana na yako hapo. Malori yanaongezeka. Pumzika Kapiri, nyoosha miguu, lakini funga gari, mji umejaa watu wa njiani.

Baada ya hapo nchi inalala kabisa: mahindi, majani, mashamba makubwa ya Chisamba, barabara mbele yako imenyooka mpaka macho yanachoka. Hakuna wa kuongea naye. Dalili ya kwanza ya usingizi si kufumba macho. Ni kugundua hukumbuki kilomita kadhaa zilizopita. Ukifika hapo, muziki hausaidii, kufungua kioo hakusaidii. Tafuta kituo cha mafuta chenye watu, kunywa kahawa, funga milango, weka saa, lala dakika ishirini. Kahawa inaanza kazi wakati unaamka.

Simama kila saa mbili hata kama hujachoka. Na bukari (ugali) iache hadi jioni. Mchana kula ndizi, karanga, yai. Tumbo zito na barabara iliyonyooka havipatani.

Kwenye vijiji na njia panda kama Landless Corner, punguza mwendo kabla kibao hakijakuambia. Watu wanauza hadi ukingoni mwa lami, na watoto wanavuka kukimbilia basi.

9. Ingia Lusaka kabla ya saa 10 jioni.
Baada ya kituo cha ushuru cha Katuba, mji umekaribia. Barabara yako inakufikisha moja kwa moja kwenye rompwe ya Kabwe, kisha Cairo Road, katikati kabisa. Ukichelewa, foleni ya watu wanaotoka kazini itakubana kwenye njia usiyoijua, upande usiouzoea. Kabla ya Katuba, simama, soma ramani mpaka mahali unapolala, ndipo uingie.

Mambo yakiharibika

*Sindano ya joto inapanda.* Zima kipoza hewa, washa kipasha joto, tafuta pa kusimama. Zima injini. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto; subiri angalau nusu saa, fungua kwa kitambaa, polepole.

*Tairi limepasuka ukiwa kwenye mwendo.* Usikanyage breki. Shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta, acha gari lipungue lenyewe, kisha toka kabisa nje ya lami. Weka pembetatu mbali, moja nyuma na moja mbele. Legeza nati kabla ya kuinua gari. Ukipasukiwa mahali pabaya, ni heri uharibu rimu kwa kusogea mita mia kuliko kubadilisha tairi kwenye ukingo wa malori.

*Umepotea.* Makosa ya kawaida ni mawili: Chingola kushika njia ya Solwezi, na Kapiri kukunja kushoto kuelekea Mkushi. Ukiacha kuona jina la mji unaofuata kwenye vibao, simama uulize.

*Polisi amekuandikia faini.* Omba risiti rasmi, lipa, ihifadhi mpaka urudi nyumbani. Usibishane kwa sauti, na usitoe pesa isiyo na karatasi.

*Jua linazama na bado uko mbali.* Ukiwa Kapiri au Kabwe, lala hapo hapo. Zambia imeyakataza hata mabasi ya abiria kuwa barabarani kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri, na mabasi hayo yana madereva wanaoijua njia. Malori yaliyokufa yanaachwa njiani bila taa, yamewekewa matawi tu kama onyo.

*Ajali.* Polisi ni 999, gari la wagonjwa ni 991. Kisha yule mtu wako mwenye orodha.

*Wakati wa kurudi.* Kibali cha gari ulichopewa Kasumbalesa lazima kifungwe na forodha ya Zambia unapotoka, kabla ya tarehe iliyoandikwa. Wengi wanagonga pasipoti tu na kuvuka kwa furaha ya kufika nyumbani. Kwenye mfumo wao gari linabaki ndani ya Zambia, na safari ijayo watakudai maelezo na pengine pesa. Nenda dirisha la forodha, kitoe, ungoje wakifunge, uombe karatasi inayoonyesha kimefungwa.